Sumaku Kubwa Inatupa Nini Hasa?

Kila kundi jipya la wanafunzi wa kemia ninaowafundisha hapa Nakuru huniuliza, mapema au baadaye, ni lini tutapata mashine kubwa ya NMR, kifaa kinachotumia sumaku kutambua molekuli na maumbo yake, ile yenye tangi refu la chuma linalong'aa ambayo wameiona katika picha za maabara za Ulaya na Marekani. Swali hilo lina haki yake. Mtu aliyehangaika miezi mingi kutenga kemikali moja kutoka kwenye gome la mti, kisha akalazimika kuitia ndani ya kichupa na kuituma ng'ambo ili wengine wampimie, hawezi kulaumiwa akitamani mashine iliyo hatua chache kutoka mezani pake. Lakini naona tumeliruka swali linalopaswa kutangulia, nalo ni hili: ukubwa wa sumaku unaongeza nini, na ni kazi zipi zinazoihitaji kweli nyongeza hiyo? Jibu langu, ambalo najua halitawapendeza wenzangu wote, ni kwamba kazi nyingi zinazotusubiri katika Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya zingeweza kufanywa kwa sumaku ndogo za kudumu, na kwamba zile zisizowezekana kwa njia hiyo tunapaswa kuzitaja waziwazi badala ya kuzichanganya na nyingine.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na NMR, au amekutana nayo tu kupitia ndugu yake wa hospitalini, mashine ya MRI inayochora picha za ndani ya mwili, msingi wake ni huu. Viini vya atomu za aina fulani, hasa kile cha haidrojeni, vina tabia ya kisumaku inayoitwa spini. Vikiwekwa katika uga sumaku, viini hivyo huyumba kuuzunguka mwelekeo wa uga kwa masafa yanayotegemea nguvu ya uga wenyewe: kwa kila tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), kiini cha haidrojeni, yaani protoni, huyumba mara milioni 42.58 kwa sekunde. Katika uga wa dunia, ambao huku kwetu karibu na ikweta ni dhaifu kuliko ulivyo karibu na ncha, masafa hayo hayafiki hezi 2,000, yaani mara 2,000 kwa sekunde. Katika sumaku ya tesla 9.4 yanafika megahezi 400, yaani hezi milioni 400, na wanakemia wamezoea kuzitaja mashine zao kwa megahezi hizo badala ya tesla. Wimbi la redio lenye masafa yaleyale likipigwa kwa muda mfupi sana, spini huyumba kwa pamoja, na zinapokuwa zikirudi kwenye utulivu wake hutoa ishara dhaifu ambayo koili iliyoizunguka sampuli huinasa.

Faida ya mwanakemia inatokana na jambo dogo mno. Elektroni zinazokizunguka kiini hukikinga kidogo dhidi ya uga, na kinga hiyo hutofautiana kulingana na majirani wa kiini hicho ndani ya molekuli. Mwaka 1951 Arnold, Dharmatti na Packard walionyesha kwamba ethanoli, ile alkoholi inayofahamika na kila mtu, ina, katika mchoro wa ishara zake unaoitwa spektra, vilele vitatu vya haidrojeni vyenye maeneo ya uwiano wa 3:2:1, yaani kimoja cha kundi la CH3, kingine cha CH2 na cha tatu cha OH. Hapo ndipo kipimo cha wanafizikia kilipogeuka kuwa chombo cha wanakemia, kwa sababu sasa mtu aliweza kuzihesabu haidrojeni za molekuli na kujua zimekaa wapi bila kuivunja molekuli yenyewe. Nafasi ya kila kilele huandikwa kwa sehemu katika milioni, kuanzia kwenye sifuri ya tetramethilisilani, kemikali ya kulinganishia, ili thamani hiyo ibaki ileile mtu anapohama kutoka mashine moja hadi nyingine.

Kazi hiyo ya ethanoli ilifanywa kwa sumaku ambayo uga wake haukufika tesla 1. Edward Purcell, Henry Torrey na Robert Pound walipoupata mwitiko wa protoni katika nta ya parafini huko Harvard mnamo Desemba 1945, walitumia uga wa takriban tesla 0.7, na Felix Bloch na wenzake wa Stanford, walioupata katika maji muda mfupi baadaye, hawakuwa na uga wenye nguvu kuliko huo. Purcell na Bloch waligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1952. Mashine ya Varian A-60, iliyotolewa mwaka 1961 na kuenea katika maabara nyingi za kemia, ilikuwa ya megahezi 60, yaani tesla 1.4. Mashine ndogo za mezani zinazouzwa leo, zenye sumaku za kudumu zisizohitaji kupozwa kwa gesi yoyote, nyingi zina megahezi kati ya 60 na 100. Kwa maneno mengine, anayeidharau mashine ya megahezi 60 anazidharau pia zana zilizotumika kuandika sehemu kubwa ya vitabu vya kemia ya kaboni ambavyo yeye mwenyewe alisomea.

Tena ya leo ni bora kuliko ya jana, na ubora huo hautokani na nguvu ya sumaku. A-60 ilipita juu ya masafa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku kalamu ikichora vilele juu ya karatasi. Mwaka 1966 Richard Ernst na Weston Anderson walionyesha kwamba ni afadhali kuyachokoza masafa yote kwa mpigo mmoja na kuiachia hesabu ya Fourier kazi ya kuyatenganisha, kama vile mtu angezipiga nyuzi zote nane za nyatiti kwa pamoja na msikilizaji mwenye sikio kali akaweza kutaja kila uzi umekazwa kwa sauti gani. Kwa njia hiyo kipimo kilichochukua dakika kadhaa kikawa cha sekunde chache, na sekunde hizo zikaweza kurudiwa mara nyingi na matokeo yake kujumlishwa. Ernst alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1991 kwa mchango wake huo na wa spektra za pande mbili, zinazoonyesha kiini kipi kinajuana na kipi.

Sasa, sumaku kubwa inatupa vitu viwili. Cha kwanza ni usikivu. Spini zikiwa ndani ya uga hujigawa katika makundi mawili, moja linalofuata uga na jingine linaloupinga, na kinachopimwa ni ile ziada ndogo tu ya kundi la kwanza juu ya la pili. Hata kwenye mashine ya megahezi 400, katika joto la kawaida la chumba, ziada hiyo ni protoni zipatazo 32 tu katika kila milioni. Nyingine zote zinafutana. NMR ni kipimo kisichosikia vizuri, na hilo halina budi kusemwa mbele ya kila anayeisifu. Uga ukiongezeka, ziada nayo huongezeka, na koili nayo hunasa ishara vizuri zaidi, kiasi kwamba usikivu hukua kwa kasi kubwa kuliko uga wenyewe. Kwa kadirio la kawaida, kuhama kutoka megahezi 60 hadi 400 huongeza usikivu mara 17 hivi. Kwa kuwa kurudia kipimo mara nne huleta maradufu tu ya uwazi, kuifidia tofauti hiyo kwa subira pekee kungehitaji muda wa takriban mara 300: kipimo cha dakika 1 kinakuwa cha saa 5.

Cha pili ni nafasi. Kwenye megahezi 60, sehemu moja katika milioni ni hezi 60. Kwenye megahezi 400 ni hezi 400. Lakini vilele vya haidrojeni hugawanyika kwa sababu ya majirani zake, na ukubwa wa mgawanyiko huo, ambao mara nyingi ni hezi 7 hivi, haubadiliki hata kidogo uga ukibadilika. Kwa hiyo katika sumaku ndogo kila kundi la vilele hutanda na kuchukua eneo kubwa la spektra, likaparamiana na la jirani, na molekuli yenye haidrojeni nyingi zinazofanana huonekana kama mlima mmoja usiosomeka. Mwanafunzi anayetafuta umbo la kemikali mpya kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuiandika, atakwama hapo. Lakini je, ni mara ngapi sisi tunatafuta kemikali mpya kabisa, na ni mara ngapi tunataka tu kujua kama kitu tunachokijua kimo, na kimo kwa kiasi gani?

Chukua pareto, ambayo ndiyo kemia ya nyumbani. Maua yake hulimwa katika nyanda za juu za kaunti hii, Molo na Kuresoi na pande za Mau Narok, hukaushwa, hupelekwa kiwandani, na mkulima hulipwa kwa kutegemea kiasi cha pairethrini, yaani kemikali inayoua wadudu, kilichomo. Jambo hili huzaa manung'uniko ambayo kila anayeishi hapa ameyasikia: maua yamepaliliwa na kuchumwa na mkulima, lakini namba inayoamua malipo inatoka mahali asipopaona. Pairethrini si kemikali moja. Ni esta sita, yaani miunganiko ya asidi na alkoholi, zinazogawanyika katika familia mbili, ya kwanza ikiwa na asidi ya krizanthemiki na ya pili ikiwa na asidi ya pairethriki. Wanakemia Staudinger na Ruzicka, waliochapisha uchunguzi wao mkubwa kuhusu maumbo hayo mwaka 1924, walifanya kazi hiyo kwa kuivunja molekuli vipande na kuvitambua vipande kimoja kimoja, na hata hivyo ile sehemu ya alkoholi ikabidi isahihishwe na waliokuja baadaye.

Familia ya pili inatofautiana na ya kwanza kwa jambo moja ambalo NMR huliona mara moja: ina kundi la CH3 lililoshikamana na oksijeni, lenye haidrojeni tatu zisizo na jirani wa kuzigawanya, na kilele chake husimama peke yake karibu na 3.7. Familia ya kwanza nayo ina haidrojeni moja ya mnyororo wake mfupi inayoonekana karibu na 4.9, ambayo katika familia ya pili imesogezwa mbali hadi karibu na 6.5 kwa sababu imekaa karibu na kundi la kabonili, yaani kaboni iliyofungwa na oksijeni. Haidrojeni ya pete iliyo mahali esta inapofungika huonekana karibu na 5.7 katika zote sita, kwa hiyo inafaa kwa kupima jumla, ingawa hapo ndipo msongamano wa vilele vya minyororo ya pembeni unapoanza kusumbua. Kilele cha 3.7 hakihitaji megahezi 400 ili kionekane. Mashine ya mezani inakiona. Na kwa upande wa kiasi, gramu 10 za maua makavu yenye asilimia 1.5 ya pairethrini zina miligramu 150 za kemikali hizo, kiasi ambacho mashine ndogo haina haja ya kukisubiri usiku kucha.

Sisemi kwamba kazi ni rahisi. Dondoo ghafi la maua lina nta na mafuta ya mmea, na kama ndani yake mna esta za methili za asidi za mafuta, kilele chake kitaangukia palepale karibu na 3.7 na kuifanya familia ya pili ionekane kubwa kuliko ilivyo. Itabidi dondoo lisafishwe kidogo kwanza, au kilele cha pili kitumiwe kuthibitisha cha kwanza. Pairethrini pia huharibiwa na mwanga wa jua, kwa hiyo sampuli iliyoachwa dirishani haitasema kweli hata ikipimwa kwa sumaku ya aina gani. Lakini hayo ni matatizo ya mikono na ya utaratibu wa maabara, na sumaku yenye nguvu mara saba haiwezi kumsafishia mtu dondoo lake.

Kuna sifa moja ya NMR ambayo naona haipewi uzito unaostahili katika nchi kama yetu. Eneo la kilele hulingana na idadi ya viini vilivyokitoa, bila kujali ni vya molekuli gani, mradi kipimo kifanywe kwa subira ya kutosha ili spini zote zirudi kwenye utulivu kati ya mpigo mmoja na mwingine. Maana yake ni kwamba ninaweza kupima kiasi cha artemisinini, dawa mama ya tiba ya malaria ya siku hizi, kwa kutia ndani ya sampuli kiasi kinachojulikana cha kemikali nyingine kabisa, rahisi na safi, kisha nikilinganishe kilele chake na kile kilele pweke cha artemisinini kilicho karibu na 5.86. Katika kromatografia, njia ya kuzitenganisha kemikali ili zipimwe moja moja, ningehitaji artemisinini safi kabisa ya kulinganishia, na kila mtu aliyewahi kuagiza viwango safi vya kemikali kutoka nje anajua bei yake, pamoja na safari zake za kwenda na kurudi kwa mawakala wa forodha. Katika eneo ambalo malaria ni ugonjwa wa kila siku na dawa bandia ni hofu ya kila mwenye duka la dawa mwaminifu, kuanzia kando ya Ziwa Victoria hadi milima ya Nandi, mashine ya mezani inayoweza kusema katika dakika chache kama kidonge kina kile kilichoandikwa kwenye pakiti, na kwa kiasi gani, ina kazi tele kabla hatujafika kwenye utafiti wa hali ya juu.

Tuseme basi pasipoweza kufikika kwa mashine hiyo. Kaboni ni tatizo la kwanza, kwa kuwa isotopu yake, yaani aina ya atomu yake, inayoonekana kwa NMR, kaboni-13, ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, na masafa yake ni robo ya yale ya protoni. Spektra ya kaboni kwenye mashine ndogo inawezekana ikiwa sampuli ni nzito na mtu hana haraka. Ya miligramu 2 zilizotengwa kwa jasho kutoka kwenye mzizi haiwezekani. Protini ni tatizo jingine. Kurt Wüthrich alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba umbo zima la protini ndogo linaweza kupatikana ikiwa ndani ya maji, bila kuigeuza fuwele, na akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2002, lakini hapo tunazungumzia haidrojeni mamia kwa mamia ambazo kila moja inahitaji nafasi yake. Ni kwa kazi ya namna hiyo kwamba maabara ya Florence nchini Italia ilifungiwa mwaka 2020 sumaku ya gigahezi 1.2, yenye uga wa tesla 28.2. Hakuna ujanja wa hesabu utakaoifanya mashine ya mezani ifike huko.

Ila lile tangi refu lina njaa. Ndani yake mna koili ya waya ambao hupoteza kabisa ukinzani wa umeme ukiwa kwenye baridi kali, na ili ubaki hivyo huzamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye nyuzi 269 chini ya sifuri, nayo heliamu huzungukwa na naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni huongezwa kila baada ya wiki moja au mbili, na heliamu kila baada ya miezi kadhaa, mwaka hadi mwaka, utafiti uwepo usiwepo, wanafunzi wawe darasani au likizoni. Heliamu ikiisha, waya hupata joto, umeme uliokuwa ukizunguka humo hugeuka joto zaidi, na kimiminika chote kilichobaki huchemka na kutoka kwa kishindo. Kuna taasisi, nisiyotaka kuitaja, ambayo sumaku yake imesimama kimya kwa sababu bajeti ya ununuzi ilipitishwa na ya heliamu haikupitishwa. Mfadhili hukata utepe mara moja tu. Kwa sababu hiyo mimi naunga mkono sumaku kubwa chache zinazomilikiwa kwa pamoja na vyuo vingi, zenye fundi wake na mkataba wake wa heliamu, badala ya kila chuo kuota ya kwake.

Sumaku hizo za pamoja zingepata kazi mara moja upande wa vifaa vigumu, na mfano wangu ni floraidi. Watu wa Bonde la Ufa tunaijua floraidi kwa meno yetu ya kahawia. Maji ya visima vingi vya huku yanapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na hapa Nakuru mradi wa maji wa Dayosisi ya Kikatoliki umekuwa ukitengeneza chujio za mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, zinazoinasa floraidi maji yanapopita. Kupima floraidi ndani ya maji kwa NMR ni kujisumbua bure: miligramu 1.5 kwa lita ni kiasi kidogo mno kwa kipimo kisichosikia vizuri, na elektrodi ya bei nafuu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Swali la NMR ni jingine, nalo ni floraidi ikishanaswa inakaa wapi ndani ya mkaa. Ikiwa imeingia ndani ya fuwele ya madini ya mfupa na kuchukua nafasi ya hidroksili, inakuwa floroapataiti; ikiwa imejitenga na kufungamana na kalisi peke yake, inakuwa floraidi ya kalisi. Kiini cha florini-19 kinaonekana vizuri karibu kama protoni, na ndiyo isotopu pekee ya florini iliyo katika maumbile, na vilele vya hali hizo mbili hutokea mahali tofauti, karibu na -103 kwa ya kwanza na -108 kwa ya pili. Jibu lina maana kwa fundi wa chujio, kwa sababu namna floraidi ilivyofungwa ndiyo inayoamua kama mkaa uliochoka unaweza kuhuishwa na jinsi ya kuuhuisha.

Tatizo ni kwamba katika kitu kigumu molekuli hazigeukigeuki kama zinavyofanya katika kimiminika, kwa hiyo kila kiini huona uga tofauti kidogo kulingana na mwelekeo wake, na vilele hutandazwa mpaka vikawa tuta moja pana. Dawa yake iligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Raymond Andrew na wenzake huko Wales, na kwa njia yake mwenyewe na Irving Lowe wa Marekani: unga wa sampuli hutiwa katika kichupa kilichoinamishwa nyuzi 54.74 kutoka mwelekeo wa uga na kuzungushwa kwa kasi, na katika pembe hiyo moja tu sehemu ya hesabu inayoleta kutandazwa huko huwa sifuri. Vichupa vidogo kabisa vya leo huzungushwa zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde. Mashine za mezani za kawaida haziwezi hilo, na kwa unga wa mkaa wa mifupa sina pendekezo jingine ila kuupeleka kwenye sumaku kubwa.

Upande wa tiba ndipo hoja ya sumaku ndogo ilipokwisha kuthibitishwa, tena karibu na kwetu. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha kwamba uga ukifanywa uwe na nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, masafa ya protoni huwa anwani ya mahali zilipo, na kwa njia hiyo akachora picha ya mirija miwili midogo ya maji. Yeye na Peter Mansfield walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003. Tangu hapo hospitali zimezoea mashine za tesla 1.5 na 3, zenye heliamu na vyumba vyake maalumu. Ukivuka mpaka Malaba na kupanda kuelekea kaskazini, utafika Mbale, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, ambako hospitali ya watoto ya CURE imekuwa ikiwatibu kwa miaka mingi watoto wenye kichwa maji, wengi wao wakiwa wameupata baada ya maambukizi ya utotoni. Daktari wa upasuaji hapo anataka kujua maji yamejaa wapi ndani ya ubongo na kama yamepungua baada ya upasuaji. Maji hayo ni mengi, na mipaka yake ni mipana.

Kwa swali la namna hiyo tesla 1.5 ni anasa. Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na washirika wake wa Uholanzi na Marekani, wameshughulikia MRI ya uga mdogo kwa ajili ya ugonjwa huo hasa, na mwaka 2022 mashine ya uga wa takriban tesla 0.05 iliunganishwa palepale Mbarara kutoka kwenye vipande vyake. Uga wake unatokana na vipande vingi vidogo vya sumaku ya kudumu vilivyopangwa katika duara kwa mwelekeo unaobadilika hatua kwa hatua, mpangilio unaoitwa wa Halbach, ambao huukusanya uga ndani na kuuacha nje ukiwa hafifu. Hakuna heliamu, wala umeme wa kuidumisha sumaku, na walioiunganisha wanajua kila skrubu yake. Hilo la mwisho kwangu ni kubwa kuliko bei. Mashine ambayo fundi wake anaishi mtaa wa pili hufa kwa shida.

Sumaku za kudumu zina udhaifu wake, na Kisumu utaujua mapema kuliko Molo. Sumaku ya neodimiamu hupoteza karibu asilimia 0.1 ya nguvu yake kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka. Katika mashine ya tesla 0.05, ambayo protoni zake huyumba kwa megahezi 2.1, nyuzi 1 tu huyasogeza masafa kwa hezi zaidi ya 2,000, na chumba kinachoanza asubuhi na nyuzi 22 kikafika 30 alasiri kitakuwa kimeihamisha picha mara kadhaa kama hakuna anayefuatilia. Mashine za mezani za kemia huikinga sumaku kwa kuiweka katika joto lisilobadilika, lakini umeme ukikatika kwa muda mrefu itabidi kusubiri saa nyingi mpaka itulie tena. Kwa hiyo betri ya akiba na kiyoyozi si mapambo. Anayeandika bajeti ya mashine ndogo bila vitu hivyo amerudia kosa la heliamu kwa bei nafuu.

Na kuna mgonjwa mmoja ambaye sumaku ndogo haimtoshi kabisa. Selimundu ni ugonjwa uliokita mizizi katika kaunti za magharibi na kando ya ziwa, na mojawapo ya madhara yake kwa watoto ni viharusi vya kimyakimya: sehemu ndogo za ubongo zilizokosa damu bila mtoto kupooza wala mzazi kuona dalili, ila baadaye masomo yanamshinda. Katika utafiti wa kitabibu, kidonda cha aina hiyo huhesabiwa kikifikisha angalau milimita 3 katika picha za MRI. Mashine za uga mdogo za leo huchora kwa vipande vya milimita 2 hadi 3 hivi, kwa hiyo kidonda kizima kinaweza kuwa nukta moja tu ya picha, isiyotofautika na kelele za umeme. Kwa mtoto huyo Kisumu inahitaji tesla 1.5 au zaidi, heliamu yake, fundi wake, na foleni fupi.